Vibuyu vya Barabara ya Iguguno

Mwaka wa tano wa Uhuru, ukisimama sokoni Singida asubuhi ukauliza mabasi ya Mama Kudra ni yapi, ulionyeshwa mabasi ya rangi tatu. Moja kijani, moja jekundu, na moja la bluu iliyopauka mpaka ikafanana na maji ya kufulia. Mgeni aliona anachezewa. Kampuni gani ina mabasi yasiyofanana hata kidogo, kama watoto wa nyumba tatu? Lakini kila rangi ilikuwa na habari yake, na habari zote ziliishia kwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti nzito, ambaye hakujua kuendesha hata baiskeli.

Jina lake hasa ni Fatu binti Mselemu. Baba yake alitoka pwani, akafika Singida kupikia wazungu wa reli, akaoa Unyambwa kwa Wanyaturu na pwani hakurudi tena. Kwa hiyo Fatu alikua na lugha mbili, Kiswahili cha baba barazani na Kinyaturu cha mama jikoni. Akikasirika alitumia zote mbili, na aliyekasirikiwa hakujua ajibu ipi.

Aliolewa na Kombo, mwenye basi moja la kijani la kwenda Mkiwa. Kombo alipofariki, shemeji zake walikaa kikao wakakubaliana basi liuzwe, maana mwanamke na basi, wapi na wapi. Fatu aliwasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akasema yeye ndiyo kwanza ameingia eda, mjane hauzi kitu ndani ya eda, basi na lisubiri. Hakuna aliyejua kama hiyo ni sheria kweli, lakini hakuna aliyethubutu kubisha.

Miezi minne na siku kumi alikaa ndani. Kila jioni Paskali, dereva wa marehemu, alikuja akasimama nyuma ya pazia la mlango na kusimulia safari ya siku hiyo: nani kapanda wapi, nani kakataa kupanda na kwa nini, korongo lipi limemeguka, mama yupi wa Mkiwa anatuma mayai Singida kila Jumanne. Fatu aliuliza maswali mpaka Paskali akatokwa jasho. Siku aliyotoka eda alikuwa anaijua barabara ya Mkiwa yote, kona kwa kona, na hakuwahi kuipita zaidi ya mara mbili. Shemeji zake walipokuja kuuliza habari ya kuuza, walimkuta anabishana na fundi juu ya springi.

Wakati huo Kanti, mwenye duka la vitambaa, naye alikuwa na basi la Mkiwa, lile jekundu. Mabasi mawili yaliondoka saa moja ile ile, yakafukuzana njia nzima, na madereva wakitukanana kupitia madirishani. Fatu alikwenda dukani kwa Kanti, akachagua kitambaa kwanza, halafu ndipo akamwambia kwamba wao wawili wanagombania abiria ishirini kwa mabasi mawili, na wanaonufaika ni mafundi tu. Kanti alifikiri wiki moja akauza. Alisema vitambaa havikatiki springi.

Watu walitegemea jekundu litapakwa kijani. Fatu alikataa. Mtu amezoea kupanda jekundu, alisema, mwache apande jekundu. Akalipangia saa saba mchana, kijani likabaki asubuhi, na abiria wa Mkiwa wakaanza kusema kwamba siku hizi mtu anaweza kwenda mjini na kurudi siku hiyo hiyo. Wengine hawakujua kabisa kwamba mabasi yale sasa yalikuwa ya mtu mmoja. Waliendelea kulisifu moja na kulisema vibaya lingine, na Fatu alipowasikia alicheka kimoyomoyo.

Sasa tuje kwenye lile la bluu.

La bluu lilikuwa la Mzee Manji, muuza mchele na mafuta ya taa, na lilikwenda Iguguno. Liliondoka Singida alasiri, likalala Iguguno, likarudi alfajiri. Manji alikuwa amezeeka magoti. Mwanawe Ramesh hakutaka basi, alitaka gereji. Na kampuni moja kubwa ya Arusha, yenye mabasi kumi na mawili, ilikuwa imeshamtuma mtu mwenye tai mara mbili kuja kulitazama lile basi na ile njia yake.

Fatu alijua maana ya ile tai. Kampuni kubwa ikishika Iguguno leo, mwakani ingeshuka Mkiwa na mabasi mapya yenye viti vya sponji, na kijani na jekundu yangegeuka mabanda ya kuku. Akavaa khanga zake mpya, akaenda.

Manji alimpa chai yenye tangawizi, akamsikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mama Kudra, basi ni chuma, chuma nitakuuzia hata leo," alisema. "Lakini wale watu wa Iguguno nimewabeba miaka kumi na tano. Siwezi kuwauza kama magunia. Chukua basi mwezi mmoja. Siku ya mwisho nitapanda mwenyewe mpaka kule. Nikiona wamekukubali, karatasi za leseni ya njia nitazitia sahihi huko huko. Nikiona hawakutaki, yule wa tai anakuja Jumatatu."

"Utajuaje kama wamenikubali, mzee?"

"Nitajua," alisema Manji, akaomba chai nyingine.

Fatu alirudi nyumbani akiwa na uhakika wa mtu aliyekwishashinda. Mwezi mzima ni mwingi. Akampa Paskali, dereva wake wa kuaminika, basi la bluu na njia ya Iguguno. Dereva wa Manji, Mnyiramba mmoja mpole aitwaye Philipo, akamhamishia kwenye kijani, njia ya Mkiwa. Aliona amepanga vizuri: mtu wake kule penye kazi ngumu, mgeni huku penye njia iliyonyooka. Mama huyu aliyekaa miezi minne nyuma ya pazia akiuliza habari za kila korongo, safari hii hakumwuliza Philipo hata swali moja.

Ilikuwa mwezi wa tano, uwele na mtama umeanza kukomaa.

Siku ya tatu Paskali alirudi kutoka Iguguno na viti vitupu zaidi ya nusu. Siku ya sita alirudi na abiria wanne na mbuzi. Alisema kule hakuna watu, mama, labda Manji alikuwa anabeba majini. Njia nzima ni mashamba na nguzo zilizotundikwa vibuyu vya kufukuzia ndege. Watu wachache aliowaona walisimama mbali, wakamtazama tu, na kikongwe mmoja alimtupia bonge la udongo.

Wakati huo huo malalamiko yalikuja kutoka Mkiwa. Kijani lilikuwa linachelewa mno. Philipo alikuwa anasimamisha basi katikati ya mashamba, pasipo na njia wala nyumba, anapiga honi ndefu, anazima injini, anasubiri. Hakuna anayetokea. Anaondoka, anakwenda hatua mia mbili, anasimama tena, honi. Kwelea kwelea wanaruka kundi zima, abiria wanatazamana. Kina mama wa Mkiwa hawakuchelewa kupata la kusema. Walimwambia Fatu sokoni, mbele za watu, kwamba wanamshukuru sana kwa kuwanunulia basi la kuamia ndege, maana watoto sasa wanapata nafasi ya kwenda shule.

Fatu alicheka nao. Ndani alikuwa anachemka. Aliona picha yote: Philipo bado ni mtu wa Manji, na Manji moyoni anamtaka yule wa tai, kwa hiyo huyu mpole ametumwa kumwangusha. Jioni hiyo akamwita barazani. Hakumkaribisha kiti.

"Philipo, mimi nimekukosea nini?"

Philipo alishangaa. Alisema hajakosewa kitu.

"Mbona unanifanya kichekesho kwa watu? Unasimama porini unampigia nani honi?"

"Nasimama penye vibuyu, mama."

"Vibuyu gani?"

"Vya abiria," alisema Philipo, kama mtu anayeeleza kwamba maji ni ya kunywa. "Ila abiria wa Mkiwa wana tabia mbaya. Wanatundika halafu hawatokei. Kwetu mtu akitundika mara mbili asitokee, wenzake humsema mpaka akome."

Fatu akakaa. Akamwonyesha Philipo kiti, akamwambia naye akae, aanze mwanzo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa hivi. Barabara ya Iguguno nyumba ziko mbali na njia, mtu hawezi kukaa kando ya barabara alfajiri na mizigo akingojea basi ambalo pengine limejaa. Kwa hiyo kila kitongoji kina nguzo yake barabarani. Mwenye safari ya kesho anatundika kibuyu chake mchana. Basi likipita alasiri kwenda Iguguno, dereva anahesabu: kibuyu kimoja, kiti kimoja. Viti vikiisha, vibuyu vinavyozidi anashuka na kuvigeuza mdomo chini, mwenye navyo ajue kesho hakuna nafasi, angoje keshokutwa. Alfajiri dereva anasimama penye kila kibuyu kilichotazama juu, anapiga honi, na mtu anatokea na kuku wake bila wasiwasi, kwa kuwa kiti chake kipo. Aliyemsindikiza ndiye anayerudisha kibuyu nyumbani. Philipo alikuwa amefanya hivyo miaka tisa.

"Na ndege?" aliuliza Fatu. "Kwenu ndege hamwafukuzi?"

"Tunawafukuza kwa kombeo, mama. Kibuyu kitamfukuza ndege?"

Kwa upande wa Mkiwa, kila shamba lilikuwa limezungushiwa kamba yenye vibuyu, upepo wa Singida ukivuma vinagongana, na ndege wanaogopa au wanajifanya kuogopa. Fatu alivijua tangu utoto. Paskali alivijua. Hakuna mtu wa upande huu ambaye angeona kibuyu kwenye mti mwezi wa tano akafikiria kitu kingine. Na Manji je? Manji hakuwahi kupanda basi lake hata mara moja. Alijua kwamba wapo watu kule na kwamba viti hujaa.

Fatu alianza kucheka. Alicheka mpaka Kudra, binti yake, akatoka ndani kutazama kuna nini. Akilini alimwona Philipo, yule mpole, akipiga honi kwa heshima zote mbele ya kamba ya kuamia ndege, akingoja mtu atoke na mzigo. Halafu kicheko kikamkatika. Alimkumbuka Paskali upande wa pili, akiwapita watu waliotundika vibuyu vyao tangu jana, wamesimama na kuku mkononi, na basi linapita hata breki halikanyagi. Siku tisa.

Zilibaki siku ishirini na moja.

Kesho yake alimwachia dereva wa kibarua usukani wa kijani, na alasiri akapanda basi la bluu mwenyewe. Philipo kwenye usukani, Paskali kwenye ukondakta, kanuna, lakini amekuja. Walipoingia barabara ya Iguguno, Philipo alipunguza mwendo na kuanza kutazama kushoto na kulia. Nguzo ya kwanza tupu. Ya pili tupu. Nguzo kumi na saba, kibuyu hakuna hata kimoja.

Nguzo ya mwisho iko Iguguno penyewe, na hapo waliteremka. Mama mmoja mrefu, mwenye nywele za mvi na kapu la kuku, alikuwa amekaa chini ya ukuta wa nyumba yake ya tembe akiwatazama. Philipo alinong'ona kwamba huyo ndiye Dina, muuza kuku, na kwamba Dina akisema kitu Iguguno wengine hawahitaji kukisema tena.

Fatu alimwendea, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye basi linaloogopa vibuyu?"

"Ndiyo mimi."

"Kibuyu changu kilikaa pale siku tatu. Jua likakipasua. Kuku wangu wawili wakafa kapuni wakikusubiri wewe."

Fatu hakujitetea kwa habari ndefu. Alisema dereva wake alidhani ni vya ndege, kwa sababu kwao ndivyo wanavyofukuza ndege. Dina alimtazama kuona kama anatania. Kisha akamwuliza kama ndege wa huko kwao ni wajinga au ni watu. Walioko karibu walicheka, na kile kicheko kilimsaidia Fatu kuliko maneno yake yote. Lakini Dina hakuahidi chochote. Alisema nguzo ipo na macho wanayo.

"Kibuyu chako nitakuletea kingine," alisema Fatu. "Cha kwetu Unyambwa, mama yangu anavipanda mwenyewe."

"Lete," alisema Dina. "Kupokea si kutundika."

Alfajiri basi liliondoka na abiria watatu. Kufika nguzo ya kwanza, tupu, Philipo alitaka kupita. Fatu akamwambia asimame. Honi. Injini izimwe. Wakasubiri kama wanaosubiri mtu aliyetundika. Hakutokea mtu. Wakaenda nguzo ya pili, wakasimama, honi. Paskali alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa na wao wanaamia ndege. Fatu akamwambia ndiyo, na ataendelea kuwaamia mpaka watu watoke.

Walifanya hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nguzo zote kumi na saba, kwenda na kurudi. Abiria watatu wa kwanza walilalamika, siku ya nne wakawa saba wanaolalamika. Siku ya tano Fatu alileta kibuyu kutoka Unyambwa, kikubwa, chenye shingo ndefu, na Dina akakipokea, akakigonga kwa kidole, akaingia nacho ndani. Siku ya nane, nguzo ya tisa, palikuwa na kibuyu kidogo kama ngumi ya mtoto. Huenda walikuwa wanajaribu. Alfajiri Philipo alisimama, akapiga honi, na mzee mmoja akatoka kwenye mtama bila mzigo wowote. Alisema hana safari, alitaka tu kuona. Fatu alimsalimia, akamshukuru kwa kuja, na basi likaondoka.

Baada ya hapo Paskali mwenyewe ndiye aliyekuwa akipaza sauti kutoka dirishani: viwili, mama, hapa viwili, na pale kimoja.

Siku ya mwisho ya mwezi Mzee Manji alikuja kituoni amevaa koti jeupe na kofia nyeusi, akapandishwa kwa kushikwa viwiko, akakaa kiti cha mbele pamoja na Fatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda basi alilolimiliki miaka kumi na tano. Alishika chuma cha mbele kama anayeshika mkono wa mtu asiyemwamini. Walipofika nguzo ya kwanza Fatu alinyoosha kidole. Vibuyu vitatu. Hakumweleza kitu, alihesabu tu, na baada ya nguzo ya tatu Manji naye akaanza kuhesabu, kwa Kigujarati, midomo ikitikisika. Mpaka wanafika Iguguno walikuwa wametofautiana kwa kimoja. Paskali akaamua: thelathini. Na basi la bluu lina viti thelathini.

Hapo ndipo Paskali alipojikuna kichwa. Viti thelathini, vibuyu thelathini, na mama na Mzee Manji watarudi wamekaa wapi? Alishauri arudi haraka nguzo ya karibu akageuze vibuyu viwili mdomo chini. Watu wataelewa, kwani ni utaratibu wao wenyewe, na mwenye basi ni mwenye basi.

Manji alimtazama Fatu. Magoti yalikuwa yanamwuma na duka lake lilitakiwa kufunguliwa asubuhi.

"Hakuna kibuyu kitakachogeuzwa kwa ajili yangu," alisema Fatu. "Mimi sikutundika."

Usiku huo Fatu alilala kwa Dina. Manji alipewa kitanda kwa mwalimu wa shule. Alfajiri walisimama wawili kando ya nguzo, wakaliangalia basi lao likipakia watu wa Iguguno. Dina alikuwa wa mwisho kupanda, kapu la kuku kichwani, akatoa kibuyu chenye shingo ndefu kwenye nguzo, akasita ngazini.

"Nyie wenye basi hampandi?"

"Hamna nafasi," alisema Fatu.

Dina alicheka mpaka kuku wakapiga kelele kapuni. Aliwaeleza walio ndani kwa Kinyiramba, na basi zima likacheka. Liliondoka hivyo hivyo na kicheko chake, na kutoka mbali wakasikia Philipo akipiga honi nguzo ya pili, kisha kimya cha kumsubiri mtu, kisha injini tena.

Manji alikaa juu ya jiwe. Alitoa karatasi za leseni ndani ya koti, akazilaza gotini, akatia sahihi kila ukurasa polepole. Alimpa Fatu bila hotuba. Ila alisema yule wa tai asingeshuka kwenye basi lake mwenyewe hata angelipwa, na kwamba duka lake likifunguliwa kwa kuchelewa siku moja mji wa Singida hautakufa njaa.

Miaka kadhaa baadaye, watu wa barabara ile walipohamia kwenye vijiji vya ujamaa, walizing'oa nguzo zao wakahama nazo, na basi la bluu likazifuata huko. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hayo. Ilikuwa nguzo tupu, jua linapanda, na safari ni kesho.

Mkononi Fatu alikuwa na kibuyu cha Unyambwa. Dina alikuwa amemrushia kupitia dirishani wakati basi linaondoka, akisema arudishiwe kikiwa kizima. Fatu alikitundika kwenye nguzo, mdomo juu, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama kama kimekaa sawa.

"Na mimi?" aliuliza Manji.

"Kibuyu kimoja, kiti kimoja, mzee. Katafute chako."

Mzee Manji alisimama, akapangusa koti, akashika njia ya kwenda kwenye tembe ya jirani kubisha hodi.